Nafasi Tupu Katika Benchi

(Mazungumzo ya redio)

 Tunawasalimu ninyi nyote mlio majumbani, ninyi mlio kazini bandarini Kilindini, ninyi mlio vitandani hospitalini, na ninyi mnaongoja kivuko pale Likoni. Karibuni tuketi pamoja kwa dakika chache, tulisikilize Neno la Mungu.

Neno letu la leo linapatikana katika Ufunuo wa Yohana, sura ya 3, mstari wa 1 hadi wa 6. Ni barua ya Bwana wetu kwa kanisa lililokuwa katika mji wa Sardi. Aliye na Biblia karibu na aifungue. Asiye nayo na asikilize tu.

Kanisa lile lilikuwa na sifa njema. Watu walipolitaja walisema kwamba ni kanisa lenye uzima. Lakini yeye aonaye yaliyo ndani aliwaambia wenyewe kwamba sifa ile ilikuwa jina tupu, na ya kuwa ndani yao mlikuwa na mauti. Hata hivyo hakuwaacha. Aliwaamuru waamke, wayatie nguvu yale machache yaliyobaki, kabla nayo hayajafa.

Tazameni jambo moja, ndugu zetu. Barua hii haitaji mateso yaliyotoka nje, wala haitaji mwalimu wa uongo aliyeingia ndani, kama zinavyotaja baadhi ya barua nyingine za sura hizi. Kanisa la Sardi halikupigwa na mtu. Lilikuwa likifa polepole, kimya kimya, huku wenyewe wakiendelea na ibada zao kama kawaida. Na hilo ndilo linalotutia hofu, kwa maana mgonjwa asiyesikia maumivu hamwiti mganga.

Basi leo twataka kujiuliza swali moja: kanisa lililo hai ni kanisa la namna gani? Nasi hatutaanza na makanisa ya wengine. Tutaanza na letu.

Miaka kadhaa iliyopita, usharika wetu hapa kisiwani Mombasa ulikuwa ukijenga. Paa lilikuwa limechakaa, mvua za masika zikawa zinatunyeshea ndani. Baraza la kanisa likakata shauri kwamba kila mshirika atoe shilingi mia tano. Tukaandika majina yote katika daftari. Aliyelipa alitiwa alama. Na ili kuwahimiza waliochelewa, tukaamua kwamba kila Jumapili, baada ya matangazo, majina ya wale ambao hawajalipa yasomwe mbele ya watu wote. Hatukuona ubaya. Tulidhani ni bidii kwa ajili ya nyumba ya Bwana. Na kwa kweli fedha zilianza kuingia. Watu walitusifu, wakasema: usharika huu una moto.

Katika benchi la tatu, upande wa dirishani, alikuwa akiketi mama mmoja mjane. Alikuwa mtu wa bara, lakini alikuwa amekaa Mji wa Kale kwa miaka mingi, katika chumba kimoja cha kupanga, ndani ya vile vichochoro nyuma ya Ndia Kuu. Kazi yake ilikuwa kuuza mahamri na mbaazi asubuhi. Hakuwa mzee wa kanisa, hakuwa katika kwaya, hakuwa na cheo chochote. Alikuja, akaketi mahali pake, akaimba, akarudi nyumbani.

Siku moja, tukiwa barazani, alitujia mwanamke amevaa buibui. Alibisha hodi, tukamkaribisha. Hakutaka kuketi. Akasema, "Padri, nimekuja kuuliza. Yule mama wa mahamri si mtu wenu?" Tukajibu, "Ni mtu wetu, bibi." Akatutazama kidogo, kisha akasema, "Ni mgonjwa miezi miwili sasa, mguu umemvimba. Sisi majirani twampelekea uji. Twalidhani hana wenyewe."

Wapenzi wasikilizaji, maneno yale mawili, "hana wenyewe", yalituingia kama mwiba. Miezi miwili ni Jumapili nane. Jumapili nane tumesimama mimbarani, tumeliona benchi la tatu, na hatukuona kwamba kuna nafasi tupu. Na lililo baya zaidi ni hili: katika Jumapili zile nane tulikuwa tumelisoma jina lake mara nane. Tulijua ya kwamba hajalipa. Hatukujua ya kwamba hayupo.

Tuliondoka saa ile ile tukaenda. Yule bibi alitangulia, tukapita vichochoro hadi mlangoni. Tulimkuta mama amelala, mguu umewekwa juu ya mto. Alipotuona alitaka kuinuka, tukamzuia. Tukamwuliza, "Mama, mbona hukutuma mtu atuambie?" Akageuza uso ukutani. Baada ya kitambo akasema, "Mchungaji, jina langu lilisomwa. Niliona haya."

Hatukuwa na la kujibu. Tulinyamaza.

Kisha tukaona kwamba kuna mgeni mwingine chumbani. Alikuwa mama wa makamo, ameketi juu ya kibao cha mbuzi, ana daftari dogo la shule mkononi. Tukamsalimu, akajitambulisha. Alikuwa mshirika wa Kanisa la Methodisti hapa kisiwani, naye ni kiongozi wa darasa. Katika nyumba ya pili alikuwamo mtu wa darasa lake, ambaye humtembelea kila juma. Akiwa huko alisikia habari za mgonjwa huyu, akaingia kumwombea, na tangu hapo hakuacha kuja. Yule mama mgonjwa akasema, kama mtu anayemtetea mwenziwe, "Huyu si wa kanisa letu, lakini ameniandika katika daftari lake."

Ndugu zetu, kulikuwa na madaftari mawili, na jina la mama lilikuwa katika yote mawili. La kwanza lilikuwa letu, nalo liliandika deni lake. La pili lilikuwa la jirani, nalo liliandika ugonjwa wake. Tulirudi nyumbani tukijiuliza ni lipi kati ya hayo linalofanana na kitabu cha uzima kinachotajwa katika barua ya Sardi.

Pengine wengine wenu hamjui darasa katika kanisa la Methodisti ni kitu gani. Sisi tulilijua kwa vitabu, kwa kuwa tulisoma pamoja na ndugu Wamethodisti katika chuo cha theolojia cha St. Paul's, Limuru. Chuo kile kilianza hapa pwani, Freretown, kikahamia Limuru mwaka wa 1930, na katika miaka ya 1950 Wamethodisti na Wapresbiteri wakaungana nasi katika kukiendesha. Basi tulikaa meza moja, tukala ugali mmoja, tukafanya mtihani mmoja wa historia ya Kanisa. Tuliweza kueleza darasa ni nini, tukapata alama nzuri. Lakini kuona ni bora kuliko kusoma, na tuliliona katika chumba kile cha Mji wa Kale.

Habari yake ni hii. John Wesley, ambaye Wamethodisti humhesabu kuwa baba yao, alikuwa kasisi wa Kianglikana, na alikufa mwaka wa 1791 akiwa bado ni kasisi wa kanisa hilo. Mwaka wa 1742, katika mji wa Bristol kule Uingereza, watu wake walikuwa na deni la nyumba yao ya kukutania. Walikaa kushauriana namna ya kulilipa. Mmoja wao, Kapteni Foy, akatoa shauri kwamba kila mtu atoe peni moja kwa juma. Ndipo mwingine akapinga, akisema kwamba wengi wao ni maskini, hata peni hiyo hawaiwezi. Kapteni Foy akajibu kwamba yeye apewe watu kumi na mmoja, tena walio maskini kuliko wote. Atawazungukia kila juma. Atakayeweza kutoa, vema. Asiyeweza, yeye mwenyewe atamtolea. Wengine nao wakakubali kufanya vivyo hivyo.

Basi viongozi wale walipokuwa wakizunguka nyumba kwa nyumba kwa ajili ya peni, walianza kuona mambo ambayo Wesley hakuyaona akiwa mimbarani. Waliona nyumba yenye ugonjwa. Waliona nyumba yenye ugomvi wa mume na mke. Waliona aliyerudia ulevi, na aliyekata tamaa. Wakamletea Wesley habari. Naye akatambua ya kwamba kumbe hicho ndicho alichokuwa akikitafuta siku nyingi: njia ya kumchunga kila kondoo. Tangu hapo darasa likawa ni watu kama kumi na wawili wenye kiongozi mmoja, wanaokutana kila juma, kila mmoja akieleza hali ya roho yake, wakiombeana na kuonyana.

Sasa linganisheni, wapenzi. Wao walianza na deni la nyumba, wakaishia kuwapata watu. Sisi tulianza na watu, tukaishia na deni la nyumba. Wao walikuwa na mtu aliyesema, nipeni walio maskini, nitawatolea. Sisi tulikuwa na mtu aliyesimama na kuyasoma majina yao. Na mtu huyo, hatutaki kuficha, ni sisi wenyewe tunaosema nanyi sasa.

Hatusemi haya ili kuwasifu Wamethodisti kana kwamba wao ni malaika. Wenyewe watakuambia kwamba madarasa nayo huweza kufa. Darasa likiwa ni mahali pa kukusanya michango tu, limekwisha kurudi kule kulikoanzia, tena bila yule Kapteni Foy. Daftari lolote laweza kuwa la uzima, na lolote laweza kuwa la mauti. Inategemea limeshikwa na nani, na limeshikwa kwa ajili ya nini.

Lakini yafaa tukumbuke kwamba kanisa hili la jirani zetu halikupandwa katika pwani yetu kwa wingi wa watu, wala kwa wingi wa fedha. Mwaka wa 1844 mmisionari Ludwig Krapf alifika Mombasa. Katika mwaka huo huo alimzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga, ng'ambo ya pili ya maji, upande wa Nyali. Krapf alikuwa Mjerumani wa malezi ya Kilutheri, naye alitumwa na chama cha misheni cha Kianglikana. Miaka kumi na minane baadaye, mwaka wa 1862, alirudi tena pwani, na safari hiyo aliwaleta Wamethodisti! Mmoja wao alikuwa kijana aitwaye Thomas Wakefield. Wakapewa mahali pa kukaa Ribe, si mbali na Rabai, alikokuwa mwenzake wa zamani, Johannes Rebmann.

Muda si muda maradhi yakawaandama. Wenzake Wakefield wakarudi kwao mmoja mmoja. Krapf naye akaondoka kabla mwaka ule haujaisha, kwa sababu afya yake ilikuwa imevunjika. Wakefield akabaki peke yake mpaka Charles New alipokuja mwaka wa 1863. Miaka kumi baadaye, mwaka wa 1873, Wakefield naye alimzika mkewe Rebecca pale Ribe. Waumini walikuwa wachache kwa miaka mingi. Mtu wa hesabu angesema kanisa lile limekufa kabla halijazaliwa. Lakini kutoka mwanzo ule mdogo kazi ilifika Jomvu na Mazeras, ikafika Meru mwaka wa 1912, na mwaka wa 1967 Kanisa la Methodisti katika Kenya likaanza kujitawala lenyewe.

Tunajifunza nini? Kwamba uhai wa kanisa haupimwi kwa benchi zilizojaa. Pale Ribe hapakuwa na benchi za kujaza, na uhai ulikuwapo. Sardi walikuwa na sifa mjini, na uhai haukuwapo.

Tunajifunza tena kwamba uhai huo hauna kabila la madhehebu. Mlutheri alitumwa na Waanglikana, akawaletea njia Wamethodisti. Mwaka wa 1913, pale Kikuyu, Askofu Peel wa Mombasa aliongoza Ushirika Mtakatifu katika kanisa la Waskochi, na Wamethodisti walikuwa miongoni mwa waliokutana hapo. Askofu Weston wa Zanzibar alikasirika sana, akamshitaki kwa jambo hilo, maneno yakafika mpaka Uingereza. Wakubwa waliendelea kubishana. Baadaye, katika miaka ya 1960, makanisa yetu yalijaribu kuzungumza habari za kuungana, na muungano haukutimia. Hatuwalaumu wazee wetu, maana mambo yale ni mazito. Lakini yule mama wa daftari hakungoja mkutano wa maaskofu. Alimwona mgonjwa, akavua viatu mlangoni, akaingia.

Na yule bibi wa buibui je? Yeye si wa Sardi, wala si wa Methodisti, wala si wa Anglikana. Bwana wetu alipoulizwa jirani ni nani, alisimulia habari ya Msamaria, nasi twaijua kwa moyo tangu shule ya Jumapili. Siku ile habari hiyo ilitusimulia sisi. Sisi ndio tuliopita kando. Mkristo wa Mombasa asiyejua kumshukuru jirani yake Mwislamu kwa bakuli la uji hajaelewa mfano ule.

Mtauliza, basi mlifanya nini? Tutawaambia, na hatutaongeza chumvi. Jumapili iliyofuata tulisimama, tukaungama mbele ya usharika kwamba tumekosa. Tukaacha kuyasoma majina. Wazee wengine hawakupendezwa. Walisema paa halitakwisha. Na kweli fedha zilipungua kwa muda, na masika moja zaidi tukanyeshewa. Kisha tukawagawa washirika kwa mitaa: Mji wa Kale, Majengo, Tudor, Ganjoni, na wale wanaokaa ng'ambo, Likoni na Kisauni. Kila kikundi watu kumi na wawili hivi, na mmoja wa kuwaangalia. Tulimwalika yule mama wa Methodisti atufundishe. Hakuleta kitabu. Alitufundisha maswali matatu tu ya kuuliza katika kila nyumba: Umelalaje? Umekula nini? Umeomba?

Vikundi vingine vilikufa baada ya miezi michache. Ng'ambo ni mbali, watu hurudi usiku wamechoka, na kivuko hakimngoji mtu. Lakini vingine viko hai hadi leo. Na yule mama wa benchi la tatu alipona mguu, akarudi na fimbo. Aliishi miaka miwili zaidi. Siku ya mazishi yake watu wa kikundi chake walikuwapo, mama wa daftari alikuwapo, na yule bibi jirani alisimama nje ya lango pamoja na wanawake wa mtaa. Hapana mtu aliyesema kwamba marehemu hakuwa na wenyewe.

Ndugu msikilizaji, juma hili tunakupa kazi moja. Jumapili utakapokwenda kanisani, liwe la Methodisti, liwe la Anglikana, liwe lolote, usiangalie tu mimbari. Angalia benchi. Tafuta nafasi iliyo tupu, ukumbuke ni nani alikuwa akiketi pale. Halafu, kabla hujaenda kula chakula chako cha mchana, nenda ukabishe hodi. Usiende na stakabadhi. Nenda na swali: umelalaje?

Na wewe uliye mgonjwa, au uliyeona haya ukaacha kwenda, pengine kwa sababu ya deni, pengine kwa sababu ya nguo, pengine kwa sababu ya neno ulilotupiwa: sikia. Kama kanisa limekuumiza, sisi tulio wachungaji twakuomba msamaha. Mchungaji Mkuu hana daftari la shilingi mia tano. Yeye huwaacha wale tisini na tisa, akamtafuta yule mmoja mpaka ampate. Kama jirani amebisha hodi kwako, jua kwamba huenda ni yeye aliyemtuma.

Kule Freretown, mahali palipoanzishwa mwaka wa 1875 kwa ajili ya watumwa waliofunguliwa, kuna kengele ya zamani, na mtaa ule waitwa Kengeleni mpaka leo. Wazee husimulia kwamba ilipigwa ili kuwaonya watu wafanya biashara ya watumwa walipokaribia. Kengele haijipigi. Ni lazima awepo mtu aliyekesha, aliyeiona hatari ya wenzake, akaikimbilia kamba. Kanisa lililo hai ni lile lenye watu wa namna hiyo, hata wakiwa wachache.

Na tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyewaita watu wa Sardi waamke, tuamshe na sisi. Utusamehe kwa majina tuliyoyasoma bila upendo, na kwa nyuso tulizozisahau. Yatie nguvu yaliyobaki katika sharika zetu, kabla hayajafa. Uwabariki majirani wanaowalisha walio wako. Utupe macho ya kuona nafasi iliyo tupu, na miguu ya kwenda. Kwa jina lako takatifu. Amina.

Kwaherini, wapenzi wasikilizaji, na amani ya Bwana iwe nanyi.